Mwongozo wa PEEK kwa fundi: kuchagua gredi na kuipima rodi kabla ya kuikereza

Haipiti wiki bila fundi kunitumia picha ya rodi ya plastiki yenye rangi ya mchanga na swali lile lile: "Kaka, hii ni PEEK kweli?" Nikishamjibu, linafuata la pili: "Sasa kati ya hii na ile nyeusi, ipi nzuri?" Majibu yangu ni yale yale, kwa hiyo nayaweka yote hapa kwa mpangilio wa kazi, kuanzia dukani hadi kwenye leti, yaani mashine ya kukereza.

Picha haiwezi kukujibu. PEEK ni plastiki ngumu inayostahimili joto kali. Ikiwa haijachanganywa na kitu ina rangi ya kahawia hafifu, na nailoni iliyokaa stoo mpaka ikageuka njano inafanana nayo kama shilingi kwa ya pili. Mimi mwenyewe niliuziwa rodi ya namna hiyo, nikakereza bushi sita (vile vibomba vifupi ambamo shafti huzungukia) za pampu ya maji moto. Shafti ilikuwa milimita 30.00, shimo la bushi nikaliacha 30.15. Siku ya tatu nikaitwa: pampu haizunguki hata kwa mkono. Tulipofungua, bushi zilikuwa zimenywa maji, zimevimba kuelekea ndani na kuikaba shafti. Ilikuwa nailoni. Mteja alipoteza siku mbili za uzalishaji, mimi nikalipia bushi mpya, na muuzaji akasema mali ikishakatwa hairudi. Dakika kumi za kupima zingetuokoa sote.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mizani ya sonara, ile ndogo ya dijitali inayosoma hadi gramu 0.01
- Glasi, uzi mwembamba, maji safi na tone la sabuni ya maji
- Chumvi ya mezani, robo tatu kilo
- Pasi ya kulehemu nyaya yenye kidhibiti joto, kama ya mafundi simu
- Mita ya umeme inayopima ukinzani hadi megaomu
- Vernia, msumeno wa mkono na msasa
- Vipande vya rejea: kimoja cha nailoni na kimoja cha PEEK ambavyo una uhakika navyo. Ukipata PEEK ya kuaminika hata mara moja, kata kipande, kiandike kwa kalamu ya wino usiofutika, ukifungie kwenye droo.

Kipima ugumu cha Shore D usikinunue kwa kazi hii. PEEK, asetali (plastiki ambayo wengi huiita Delrin) na nailoni kavu zote husoma themanini na kitu, na hutaweza kuzitofautisha.

Nadharia ya kutosha kazi

PEEK ni kifupi cha poli-etha-etha-ketoni. Ilibuniwa na kampuni ya ICI ya Uingereza mwaka 1978. Shika namba mbili tu: 143 na 343. Kwenye 143°C plastiki hii huanza kulegea, na kwenye 343°C huyeyuka. Karibu kila kosa ninaloliona linatokana na kusahau moja kati ya hizo mbili.

Hatua ya 1: Andika kazi ya kipande kabla ya kutaja gredi

Chukua karatasi ujibu: kipande kitakaa kwenye joto gani, kitabeba mzigo au kitaziba tu, kitasuguana na chuma au kimesimama, kitagusana na kemikali gani, chakula au dawa? Ukienda dukani bila majibu haya utauziwa kilichopo.

Hapa pana mtego wa 260. Vipeperushi vingi husema PEEK inafanya kazi hadi 260°C, na fundi mgeni huelewa kwamba bushi itabeba mzigo wake kwenye joto hilo. Sivyo. Namba hiyo inaeleza jinsi plastiki inavyostahimili kuzeeka kwa joto kwa muda mrefu. Ugumu wa PEEK isiyochanganywa huporomoka ukivuka 143. Katika kipimo cha kupinda kwa joto chini ya mzigo wa megapaskali 1.8, huanza kukubali kupinda kwenye takriban 152°C. Yenye faiba (nyuzinyuzi) ya kaboni asilimia 30 huvuka 315°C katika kipimo hicho hicho. Zote mbili zinaitwa PEEK.

Hatua ya 2: Chagua gredi

Kwa fundi wa kukereza, gredi za maana ni nne.

*Isiyochanganywa* (kampuni ya Victrex huiita 450G, kwenye rodi za Ensinger utaona TECAPEEK natural, na kwenye za Mitsubishi utaona Ketron 1000). Ni ngumu bila kuwa ya kuvunjika ovyo, haitafuni shafti, na ndiyo ya kuanzia kwa sili, viti vya vali na vihami umeme. Densiti yake, yaani gramu ngapi kwa kila sentimita ya ujazo, ni 1.30 hadi 1.32.

*Yenye faiba ya kioo asilimia 30* (GF30, au 450GL30). Haipindi kirahisi kwenye joto na haipitishi umeme. Lakini kioo ni kioo: kikisuguana na shafti laini kitailima kama msasa. Usiitengenezee bushi. Densiti 1.51 hadi 1.53.

*Yenye faiba ya kaboni asilimia 30* (CF30, au 450CA30). Ni ngumu kuliko zote nne na husambaza joto vizuri zaidi, lakini inapitisha umeme kidogo, kwa hiyo isikae mahali pa kihami. Densiti karibu 1.40.

*Ya beringi* (450FC30, TECAPEEK PVX, Ketron HPV). Ina faiba ya kaboni asilimia 10, grafaiti asilimia 10 na tefloni asilimia 10. Hii ndiyo ya bushi zinazozunguka bila grisi. Densiti yake ni 1.44 au zaidi kidogo.

Kwa hiyo swali la "nyeusi au ya mchanga" halina jibu mpaka useme nyeusi ipi. Nyeusi inaweza kuwa ya kaboni, ya beringi, au PEEK ya kawaida iliyotiwa rangi tu.

Onyo la dhati kwa wanaoombwa kutengeneza vipande vya kuwekwa ndani ya mwili wa mgonjwa: rodi ya kiwandani haifai, hata ikiwa PEEK safi kabisa. Kuna gredi za tiba zenye kiwango chao, ASTM F2026, na ufuatiliaji wa kila bechi. Kataa kazi hiyo. Na kama kipande kitaguswa na asidi ya salfuriki kali, PEEK nayo isiingie, maana asidi hiyo huiyeyusha.

Hatua ya 3: Dai cheti

Data shiti inaeleza gredi kwa ujumla, na mtu yeyote anaweza kuichapisha kutoka kwenye intaneti. Unachotaka ni cheti cha bechi, kwa kawaida EN 10204 aina ya 3.1, chenye namba ya bechi inayolingana na ile iliyoandikwa kwenye rodi. Rodi isiyo na maandishi yoyote na karatasi isiyo na namba ya bechi haviungani, hata ukiambiwa vimetoka kontena moja.

Hatua ya 4: Kata kipande cha kupimia

Omba kipande cha mwisho wa rodi *kabla hujalipa*. Muuzaji anayejua mali yake hakatai. Kipande cha gramu 15 hadi 30 kinatosha. Kipige msasa pande zote kiwe laini, kioshe, kikaushe. Usitumie maranda ya leti, maana hushika hewa na kukudanganya.

Hatua ya 5: Maji ya chumvi, mchujo wa haraka

Koroga chumvi kwenye lita moja ya maji mpaka igome kuyeyuka, yaani ibaki imetuama chini hata ukoroge vipi. Itaingia takriban gramu 360. Maji hayo sasa yana densiti ya karibu 1.20. Yaache yatulie, kisha tumbukiza kipande na ukizamishe kwa kidole ili hewa itoke.

Kikielea, si PEEK. Nailoni isiyochanganywa (1.14 hadi 1.15) huelea hapa, na polithini nzito ya aina zote huelea hata kwenye maji matupu. Rodi yangu ile ya bushi sita, nilipokuja kuijaribu baadaye, ilizama hadi chini kwa nguvu ya kidole, nikaiachia, ikapanda polepole mpaka juu ikatulia hapo.

Kikizama, bado hujathibitisha kitu. Asetali inazama, PVC inazama, hata nailoni yenye kioo inazama. Endelea.

Hatua ya 6: Pima densiti

Hatua hii ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko zote, na ndiyo inayoharibiwa na haraka.

1. Pima kipande kikavu hewani. Andika uzito huo, uite A.
2. Jaza glasi nusu kwa maji safi ya joto la chumba, tia tone moja la sabuni, iweke juu ya mizani, kisha bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri.
3. Funga kipande kwa uzi, kishushe majini mpaka kizame chote huku umekishikilia. Kisiguse chini wala kando.
4. Soma mizani. Namba hiyo, uiite B, ni uzito wa maji yaliyosukumwa na kipande, na kwa kazi yetu ni sawa na ujazo wake kwa sentimita za ujazo.
5. Gawa A kwa B.

Mfano: kipande kina gramu 24.60 hewani, na kikiwa majini mizani inasoma 18.86. 24.60 ÷ 18.86 = 1.30. Hiyo inalingana na PEEK isiyochanganywa.

Rudia mara tatu, ukikitoa na kukikausha kila mara. Majibu yakitofautiana kwa zaidi ya 0.01, kuna kiputo cha hewa au mkono unatetemeka. Funga uzi kwenye kijiti kilichowekwa juu ya vitabu viwili pembeni mwa mizani, mkono upumzike.

Sasa linganisha:

- 0.93 hadi 0.96: polithini
- 1.14 hadi 1.15: nailoni
- 1.30 hadi 1.32: PEEK isiyochanganywa, lakini pia PBT, na nailoni yenye kioo kidogo
- 1.38 hadi 1.42: PEEK ya kaboni, lakini pia asetali, PET na PVC
- 1.44 na kidogo: PEEK ya beringi
- 1.51 hadi 1.53: PEEK ya kioo
- 2.14 hadi 2.20: tefloni

Iangalie vizuri safu ya 1.40. Rodi nyeusi ya asetali na rodi nyeusi ya PEEK ya kaboni zina densiti moja, na bei zake ni mbingu na ardhi. Hapo ndipo watu wengi wanapoumia, kwa sababu walipima, wakapata 1.40, wakaridhika.

Hatua ya 7: Pasi ya kulehemu

Fanya nje, penye upepo, na usiinamie moshi. Kama densiti imefika 2, usiiguse kwa pasi, maana hiyo ni tefloni na moshi wake ukizidi joto ni hatari kwa mapafu. PVC nayo usiichome, hutoa mvuke wa asidi. Ukishuku kipande ni PVC, ishia kwenye 200°C.

1. Weka pasi kwenye 200°C. Gusisha ncha kwa sekunde tano kwenye kona ya kipande. Asetali na polithini zitayeyuka hapa. Asetali hutoa harufu kali ya formalini inayochoma pua, kwa hiyo ondoa pasi mara moja.
2. Hakijayeyuka? Panda hadi 300°C, sekunde kumi. Nailoni, PBT, PET na PPS zote huyeyuka kabla ya hapa, na ukiivuta ncha, nyingi zitatoa uzi kama wa gundi. PEEK inaweza kubonyea kidogo na kuacha alama inayong'aa, lakini haitiririki wala haivutiki uzi.
3. Panda hadi 380°C. Sasa PEEK inakubali: inayeyuka na kushikana na ncha. Isiyochanganywa huvutika uzi wa kahawia, yenye faiba huvutika kidogo tu.

Fanya jaribio hilo hilo kwenye vipande vyako vya rejea, siku hiyo hiyo, kwa pasi hiyo hiyo. Pasi za bei nafuu hukosea hata kwa nyuzi 30, na ukitegemea namba ya kwenye kioo chake unaweza kuikataa PEEK halali.

Kilichozama kwenye chumvi, kikatoa densiti inayolingana na gredi, kikagoma kwenye 300 na kukubali kwenye 380, mimi nakikereza. Pasi haiwezi kutenganisha PEEK na ndugu zake wa karibu kama PEKK. Hiyo ni kazi ya maabara.

Hatua ya 8: Nyeusi ipimwe kwa mita

Kwangua uso wa kipande kwa msasa, bana ncha za mita karibu karibu, weka kwenye megaomu. Yenye faiba ya kaboni kwa kawaida itatoa usomaji. Iliyotiwa rangi tu, na ya kioo iliyotiwa rangi, itabaki wazi kabisa. Mita ikikuacha na shaka, amini densiti: nyeusi ya rangi itabaki kwenye 1.30 na kidogo, ya kaboni itafika 1.40.

Hatua ya 9: Jua lini uende maabara

Kama kipande kinaingia kwenye mafuta na gesi, ndege, au mahali ambapo kikivunjika mtu anaumia, vipimo vya karakana havitoshi. Uliza chuo cha uhandisi au shirika la viwango la nchini kwako kama wana mashine ya DSC (inayoonyesha plastiki inalegea na kuyeyuka kwenye joto gani), kisha omba kwa majina: DSC kwa ISO 11357 (utafute 143 na 343), nguvu ya kuvutwa kwa ISO 527 (isiyochanganywa hutoa karibu megapaskali 100), na majivu kwa gredi ya kioo.

Kosa la kawaida hapa ni kuomba kipimo cha majivu kwa gredi ya kaboni. Kioo hubaki baada ya kuchomwa, kaboni huungua na kutoweka. Utaambiwa haina kitu ndani, na utagombana na muuzaji bure.

Hatua ya 10: Kereza, na acha nafasi ya joto

Tumia visu vya kabaidi vilivyonolewa vizuri, maana kwa gredi za faiba kisu cha chuma cha kawaida hakifiki mbali. Kereza kwanza ukiacha milimita moja hivi, fungua, acha kipande kipumzike usiku kucha, kisha malizia. Kukausha kwenye oveni kabla ya kukereza hakuhitajiki. Ni kwa wanaoyeyusha chembechembe kwenye mashine za kusukuma plastiki ndani ya kalibu, na hao hukausha saa 3 kwa 150°C.

PEEK isiyochanganywa hutanuka karibu mara nne ya chuma. Kipande cha milimita 40 kikipanda nyuzi 100 kitakua kwa takriban milimita 0.2, wakati shafti ya chuma ya unene huo itakua kwa 0.05 tu. Bushi iliyobanwa kwenye tundu la chuma haina pa kukulia ila ndani, kwa hiyo nafasi unayoiachia bushi ya shaba hapa haitoshi. Piga hesabu hiyo kwa joto la kazi, si la karakana.

Mambo yakienda kombo

*Densiti inatoka 1.22 na cheti kinasema PEEK.* Kabla hujamlaumu mtu, angalia kama kipande kimegusa chini ya glasi au kina viputo. Yote mawili huongeza B na kushusha jibu. Tazama pia kama rodi ina tundu katikati.

*Densiti inatoka juu kuliko inavyopaswa.* Kipande kilikuwa na maji ulipokipima hewani, au hakikuzama chote.

*Kipimo kilikuwa sahihi jioni, asubuhi kimebadilika.* Ni mkazo uliobaki ndani ya rodi tangu kiwandani. Kwa kazi za usahihi, legeza mkazo kwenye oveni baada ya kukereza mara ya kwanza: saa 3 kwenye 150°C, panda nyuzi 10 kwa saa hadi 200, shikilia saa 4, shuka kwa mwendo huo huo hadi chini ya 140, kisha zima na uache mlango umefungwa. Ukifungua mlango kuwahi, umerudisha mkazo ule ule.

*Rodi nene imepasuka wakati wa kutoboa.* Kekee imesukumwa mfululizo, joto limekwama katikati na nje kumebaki baridi. Toboa kidogo, toa biti, safisha maranda, rudi. Kwa rodi nene za faiba, ipashe kwanza hadi karibu 120°C.

*Bushi inalima shafti.* Kwangua uso wake na upime densiti upya. Ukipata 1.51, umepewa ya kioo badala ya ya beringi.

*Kipande kilichotengenezwa kwa kusukuma plastiki iliyoyeyushwa ndani ya kalibu kina mabaka ya kahawia iliyokolea kwenye kuta nyembamba.* Kalibu ilikuwa ya baridi, na PEEK imeganda kabla haijajipanga. Kalibu inatakiwa iwe 170 hadi 200°C. Kipande hicho kinaweza kuokolewa kwa ratiba ile ile ya oveni, lakini kitasinyaa kidogo, kwa hiyo pima upya kabla ya kukifunga.